Maabara za taifa za Marekani: mwali ni bure, basi nani analipa nini na kwa nini saa zinapungua?

sampuli_tano:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua maabara za taifa za Marekani, zile zilizo chini ya Wizara ya Nishati. Kikundi chetu kinaandaa andiko la kuomba muda wa mwali kwenye sinkrotroni, yaani mashine kubwa ya pete ya elektroni inayotoa miali mikali ya eksirei. Tunataka kujua chuma kilichomo kwenye udongo kiko katika hali gani, kwa njia ya ufyonzaji wa eksirei. Sampuli ni 12, na chuma ni kama asilimia 4 ya uzito wa udongo. Hatuna ruzuku yoyote ya serikali ya Marekani.

Yanayonitatiza ni haya. Inasemwa mashine ni bure kwa yeyote atakayepita mchujo. Mtambo wa mamia ya mamilioni ya dola unakuwaje bure kwa mgeni? Pili, saa zinazogawiwa zinabadilika mwaka hadi mwaka ilhali mashine ni ile ile. Nani anazipunguza? Tatu, maandiko yenye sayansi nzuri yanaanguka, na nataka kujua yanaangukia wapi. Mwisho, sampuli hizi hizi zinaweza kupelekwa baadaye kwenye mitambo ya kupimia kwa nyutroni, au tuandae nyingine?

hazina_na_sayansi:

Ni bure kweli, ndugu, lakini ni vizuri ujue bure hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi.

Wizara ya Nishati ina maabara za taifa 17. Kumi kati ya hizo ziko chini ya Ofisi ya Sayansi: Ames, Argonne, Brookhaven, Fermilab, Lawrence Berkeley, Oak Ridge, Pacific Northwest, Princeton Plasma Physics, SLAC na Thomas Jefferson. Mitambo ni mali ya serikali, ila watu unaowakuta pale wengi si watumishi wa serikali. Maabara huendeshwa na mkandarasi, mara nyingi chuo kikuu au kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Argonne, kwa mfano, inaendeshwa na UChicago Argonne. Kati ya zote 17 ni NETL (maabara ya teknolojia ya nishati) peke yake inayoendeshwa na serikali yenyewe. Hili litakugusa mapema, kwa sababu mkataba wa watumiaji chuo chako kitausaini na mkandarasi, si na wizara, na wanasheria wa chuo wakianza kuusoma wiki ya mwisho umeshachelewa.

Ofisi ya Sayansi inagharamia vituo vya watumiaji 28. Vinavyokuhusu wewe viko kwenye programu yake ya Sayansi za Msingi za Nishati, nayo ina 12: vyanzo vitano vya eksirei (APS kule Argonne, NSLS-II kule Brookhaven, ALS kule Berkeley, SSRL na LCLS kule SLAC), vyanzo viwili vya nyutroni kule Oak Ridge (SNS na HFIR), na vituo vitano vya sayansi ya nano.

Kanuni ya malipo ni moja. Ukikubali kuchapisha matokeo hadharani, hulipi ada ya mashine, uwe raia wa wapi na uwe unafadhiliwa na nani. Ukitaka matokeo yabaki siri yako au ya kampuni yako, unalipa gharama yote ya uendeshaji kwa kila saa utakayotumia. Serikali inahesabu kwamba chapisho la wazi ndilo malipo yenyewe. Kwa hiyo usisahau kuitaja maabara kwenye shukrani za makala, pamoja na namba ya mkataba wake (ya Argonne ni DE-AC02-06CH11357, ya Brookhaven ni DE-SC0012704). Vituo hivi hukaguliwa mara kwa mara na wanasayansi wa nje, na idadi ya machapisho ni kati ya vitu vya kwanza vinavyoulizwa. Makala isiyotaja kituo inakuwa haikuhesabiwa.

Bure hiyo inafunika mwali, umeme, vifaa vya kawaida vya bimulaini (kituo cha kupimia kilicho mwisho wa kila mwali) na msaada wa mwanasayansi wa pale. Haifuniki nauli, malazi, mishahara, usafirishaji wa sampuli, wala kifaa maalumu unachotaka kitengenezwe kwa ajili yako. Watu wengi hudhani wakipewa zamu za mwali wamepewa na ruzuku. Hapana. Ruzuku zina mchakato wake, na wahakiki wake ni wengine. Unaweza kupata zamu sita ukakosa fedha ya tiketi, na unaweza kupata fedha ukakosa zamu.

Sasa saa. Hapa wengi huchanganya vitu viwili: Bunge la Marekani kuidhinisha kiwango, na Bunge kutoa fedha. Sheria ya CHIPS na Sayansi ya Agosti 2022 iliidhinisha karibu dola bilioni 9.5 kwa Ofisi ya Sayansi kwa mwaka wa fedha 2024. Fedha iliyotolewa kwa mwaka huo ilikuwa dola bilioni 8.24. Sheria ya kuidhinisha inaweka kiwango tu. Shilingi haitembei mpaka sheria ya matumizi ipite, na kwa maabara hizi ni ile ya Nishati na Maendeleo ya Maji.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba. Mara nyingi siku hiyo inafika sheria haijapita, na serikali inaendeshwa kwa azimio la muda linaloruhusu kutumia kwa kiwango cha mwaka uliopita, na kwa kawaida bila kuanzisha mradi mpya. Kwa kituo, kiwango kile kile maana yake ni pungufu, maana bei ya umeme na mishahara haikusimama. Mkuu wa kituo ana sehemu chache za kupunguza. Hawezi kuzima upoozaji wa sumaku. Hawezi kuwafukuza waendesha mashine kisha awaajiri tena baada ya miezi mitatu. Kinachobaki ni saa za watumiaji, vipuri na nafasi za kazi ambazo hazijajazwa. Sinkrotroni kubwa ikienda vizuri hutoa kama saa 5,000 za mwali kwa watumiaji kwa mwaka, na zikikatwa wiki mbili, bimulaini zote zinapoteza kwa mpigo, maana pete ya elektroni ni moja.

Jambo moja la kuangalia serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti: usikisie, tazama ni sheria ipi haijapita. Ufungaji wa siku 35, kuanzia 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, haukuzisimamisha maabara za Wizara ya Nishati, kwa sababu fedha zake zilikwishapitishwa Septemba. NIST, taasisi ya viwango na vipimo iliyo chini ya Wizara ya Biashara, ilisimamisha shughuli zake nyingi. Na hata pale ambapo fedha ya wizara imekwama, maabara ya mkandarasi inaweza kwenda kwa muda kwa masalio ya fedha za nyuma.

bimulaini_usiku:

Nijibu la tatu, yaani maandiko yanaangukia wapi, kwa kutumia sampuli zako mwenyewe.

Wahakiki wanasoma maandiko mengi kwa mkupuo mmoja. Sayansi nzuri wanaitarajia kwa kila mtu. Wanachotafuta ni uthibitisho kwamba kipimo kitafanya kazi siku ya kwanza, na kwamba hakiwezi kufanyika kwenye maabara ya kawaida. Andiko linaloandika "tunaomba zamu 12 kwa sampuli 12" linaonyesha kuwa mwandishi hajahesabu. Zamu moja ni saa 8. Fanya hesabu uiweke ndani ya andiko. Una sampuli 12 na viwango 4 vya kulinganisha (madini ya chuma yanayojulikana), jumla 16. Kila moja skani tatu za dakika 20, ongeza dakika 15 za kubadilisha na kulenga. Hiyo ni dakika 75, mara 16, sawa na saa 20. Weka zamu moja nzima ya kupanga bimulaini, ni 28. Weka saa 4 za mwali kukatika au skani ya kurudia. Saa 32, zamu 4. Mhakiki akiona hivyo hana cha kupunguza.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo itakuwa si kweli kama hukuchagua njia sahihi ya kupima, na kwa asilimia 4 ya chuma njia ya kupitisha mwali, yaani kupima kinachotokea upande wa pili wa sampuli, haitakufaa. Tazama namba. Ukingo wa K wa chuma, yaani nishati ambapo chuma huanza ghafla kufyonza eksirei zaidi, uko kwenye elektronivolti (eV) 7112. Chini kidogo ya ukingo chuma hufyonza kama sentimita mraba 53 kwa gramu, juu kidogo kama 407. Mruko ni karibu 354. Unataka mruko wa ufyonzaji uwe kama 1, na ufyonzaji wote usizidi 2.5. Mruko wa 1 unahitaji miligramu 2.8 za chuma kwa kila sentimita mraba. Kwa udongo wa asilimia 4, hiyo ni miligramu 70 za udongo kwa sentimita mraba. Lakini silika yenyewe, kwenye nishati hiyo, hufyonza kama sentimita mraba 51 kwa gramu, kwa hiyo miligramu 70 zinakupa 3.6 kabla hujahesabu chuma chenyewe. Chemba ya ayoni ya nyuma, ile inayopima mwali uliopita, itakuwa karibu gizani. Ukipunguza unene ili mwali upite, mruko unakuwa mdogo na kelele inaumeza.

Basi sampuli zako zipimwe kwa mng'aro, yaani eksirei ambazo chuma chenyewe hutoa kikipigwa na mwali, kigunduzi kikiwa nyuzi 90 kutoka kwenye mwali na sampuli ikiwa nyuzi 45. Andika hivyo kwenye andiko, pamoja na namba ya asilimia 4. Skani zitakuwa nyingi zaidi kwa kila sampuli, panga nne au tano badala ya tatu, na zamu zako zitakuwa 5 hadi 6. Usiogope kuomba 6 zenye hesabu. Anayeomba 3 zisizotosha akarudi na nusu ya data ameunguza saa ambazo mwingine angezitumia.

Viwango vyako (hematiti, goethiti na wenzake) ni kinyume kabisa. Hivyo vimejaa chuma, na ukivipima kwa mng'aro vikiwa vizito, chuma kinafyonza mng'aro wake chenyewe. Kilele kinabanwa, umbo linakuwa bapa, na ukilinganisha na udongo utapata majibu ya uongo yenye sura nzuri. Vipime kwa kupitisha mwali, vikiwa vimezimuliwa. Kidonge cha milimita 13 kina eneo la sentimita mraba 1.33. Miligramu 2.8 mara 1.33 ni karibu miligramu 3.75 za chuma, ambazo kwa Fe₂O₃ ni miligramu 5.4. Changanya na kama miligramu 100 za boroni naitraidi, unga unaopitisha eksirei, ili kidonge kishikane.

Usagaji ndio unaoharibu wengi. Hematiti juu ya ukingo hubakiza kama theluthi tu ya mwali kila mikroni 6 na nusu hivi. Chembe yako ikiwa ya mikroni 20, mwali unaokutana nayo karibu wote hautoki, na unaopita pembeni yake hautazami chuma hata kidogo. Kidonge kina uzito sahihi lakini kwa mwali ni kama neti yenye matundu, na skani inatoka bapa vile vile. Saga kwenye kinu cha akiki mpaka mikroni 2 hivi au chini yake. Njia rahisi ya kuchagua chembe ndogo: tikisa unga kwenye alkoholi, acha mazito yazame, fyonza kilichobaki juu, kausha.

La mwisho upande huu. Weka karatasi nyembamba ya chuma safi kati ya chemba ya pili na ya tatu kwenye kila skani, usiipime mara moja asubuhi ukaridhika. Nishati ya mwali huteleza kidogo kadiri fuwele ya kuchagua mawimbi inavyopata joto, na tofauti ya chuma ya chaji mbili na ya chaji tatu ni elektronivolti chache tu. Halafu linganisha skani ya kwanza na ya mwisho ya kila sampuli. Ukiona ukingo unasogea kushoto skani kwa skani, mwali wenyewe unabadilisha chuma cha chaji tatu kuwa cha chaji mbili. Sampuli zenye maji na mboji ndizo zinazoathirika upesi. Sogeza doa kila skani, au tumia kipoozeo kama bimulaini inacho. Kiombe kwenye andiko, kwa sababu hakifungwi usiku wa manane.

sampuli_tano:

Asante sana mkuu, hesabu ya silika imenifungua macho, tulikuwa tumeandika njia ya kupitisha mwali. Na vidonge hivyo vya boroni naitraidi, vinaweza kuendelea kwenye nyutroni? Tunapenda kuona mpangilio wa sumaku wa oksaidi za chuma.

nyutroni_polepole:

Usivipeleke. Boroni ni kati ya vifyonzaji vikubwa vya nyutroni: boroni ya kawaida ina eneo la ufyonzaji la bani 767 (bani ni kipimo cha uwezo wa atomu kunasa au kutawanya nyutroni) kwa nyutroni za joto la kawaida. Kitu ulichokichagua kwa sababu eksirei zinapita ndani yake, kwa nyutroni ni ukuta. Hata kinga za kwenye vifaa vyetu hutengenezwa kwa boroni kabaidi. Kadimi na gadolini ni vile vile au zaidi.

Na udongo mzima pia usiuombee muda wa nyutroni, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kiasi: chuma cha asilimia 4, tena kimegawanyika kwenye madini matatu au manne, hakitaonekana juu ya kwatzi. Ya pili ni haidrojeni. Kila atomu ya haidrojeni hutawanya nyutroni ovyo, bani 80, ilhali deuteri, yaani haidrojeni nzito, ni 2 tu. Maji na mboji ya udongo yatakupa mandharinyuma ya juu ambayo vilele vidogo vinazama ndani yake. Watu hufikiri dawa ni kukausha kwa joto kali. Goethiti ikipashwa kufika nyuzi 250 hadi 300 hivi inapoteza maji na kuwa hematiti, yaani utakuwa umeitengeneza sampuli uliyokuja kuitafuta. Kubadilisha maji kwa maji mazito kunasaidia kwa yale yaliyo kati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi. Haidroksili iliyofungwa ndani ya fuwele haitoki kirahisi.

Kinachofaa ni kutenga oksaidi zenyewe, au kutengeneza goethiti na hematiti zenye alumini kama zilivyo za kwenye udongo, kisha kupima hizo. Hapo unahitaji gramu. Eksirei zinaridhika na miligramu. Difraksheni ya nyutroni ya unga (kusoma mpangilio wa atomu kwa jinsi zinavyotawanya nyutroni) hufanya kazi vizuri ukiwa na gramu chache, maana nyutroni ni chache mno ukilinganisha na fotoni za sinkrotroni. Unga unawekwa kwenye kopo la vanadi, kwa sababu vanadi karibu haitoi vilele vyake. Hematiti ina badiliko la mwelekeo wa sumaku karibu na kelvini 260, na chembe ndogo au alumini hulishusha au kulifuta. Hiyo ni hoja nzuri ya andiko: halijoto tano au sita kuanzia 300 kushuka, kila moja na muda wake.

Vituo ni viwili na havifanani. SNS inapiga protoni kwenye shabaha ya zebaki mara 60 kwa sekunde, nyutroni zinakuja kwa mipigo na zinapimwa kwa muda wa kusafiri. HFIR ni kinu cha nyuklia cha megawati 85, mwali wake hauna mipigo, na mafuta yake hudumu mzunguko wa siku kama 24 kisha kinu kinazimwa na kubadilishwa kiini. Vyote viwili hupokea maandiko mara mbili kwa mwaka, wakati APS na NSLS-II ni mara tatu, na muda hugawiwa kwa siku badala ya zamu.

Panga pia sampuli itakavyorudi. Nyutroni huamsha mnururisho. Alumini hupoa kwa dakika (nusu ya maisha dakika 2.25), manganizi saa 2.6, sodiamu saa 15. Ila kobalti 60 ina nusu ya maisha ya miaka 5.27, na chembechembe kidogo tu za kobalti kwenye madini ya manganizi zinatosha kuizuia sampuli isitoke. Fundi wa mionzi ndiye anayeamua, na hakuna haraka yako itakayombadilisha. Kwa hiyo pima kwa eksirei kwanza, nyutroni baadaye, na daima bakiza sehemu ya sampuli ambayo haikwenda popote.

zege_na_sumaku:

hazina_na_sayansi ameeleza vizuri, ila naona amewalaumu wabunge kwa saa zote zinazopotea. Saa nyingi hupotea kwa ujenzi, na hizo zinajulikana miaka kabla. APS ilizimwa Aprili 2023 ili pete ya zamani yenye mzingo wa mita 1,104 ing'olewe na mpya iwekwe humo humo, mradi wa dola milioni 815, na mwali ukarudi kwa watumiaji 2024. Mwaka mzima watafiti wa APS walibisha hodi NSLS-II, SSRL na kwingine, na foleni zikarefuka kila mahali. Anayeandika andiko lazima asome ratiba ya vituo vyote vitano, si kile anachokitaka tu.

Miradi mikubwa ya wizara hupita hatua tano za uamuzi, zinazoitwa CD, kwa agizo la ndani namba 413.3B. CD-0 ni kukubali kwamba kuna haja. CD-1 ni kuchagua njia na kutoa makisio ya gharama kwa mapana. CD-2 ndiyo hatua ya hatari, hapo gharama na ratiba hufungwa, na kuanzia siku hiyo mradi unapimwa kwa namba hizo. CD-3 ni ruhusa ya kujenga, CD-4 ni kukabidhi mtambo uanze kazi. Mradi ulio CD-0 usiuwekee mpango wa tasnifu. Ulio CD-3 una fedha na zege, japo hata huo azimio la muda linaweza kuuchelewesha, kwa sababu mgawo wa ujenzi hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na azimio linaugandisha kwenye kiwango cha jana wakati sumaku zinapaswa kuagizwa leo. Mtengenezaji wa sumaku hangoji. Anatoa nafasi yako kiwandani kwa mteja mwingine.

Utaratibu huu wa kufunga gharama mapema una uzito kwa sababu ya kilichotokea Texas. Mgonganishaji mkubwa wa chembe, SSC, ulipangwa kuwa na pete ya kilomita 87. Bunge liliufuta Oktoba 1993, dola bilioni 2 hivi zikiwa zimetumika na zaidi ya kilomita 22 za handaki zikiwa zimechimbwa, baada ya makisio kupanda kutoka dola bilioni 4.4 hadi zaidi ya bilioni 10. Linganisha na SNS, iliyojengwa kwa kugawana kazi kati ya maabara sita, ikakamilika 2006 kwa dola bilioni 1.4. Ugawanaji ule una tabu zake nyingi za uratibu, lakini uliweka wataalamu wa kila kipande mahali walipo tayari, badala ya kuunda maabara mpya kutoka sifuri.

Kinachoniuma ni kwamba kujenga kunapata utepe wa kukatwa na hotuba, kuendesha hakupati. Bimulaini moja inahitaji angalau watu wawili au watatu wanaoijua ndani nje. Mmoja akiondoka na nafasi ikagandishwa, mwali upo, kigunduzi kipo, lakini zamu za usiku zinakosa mtu, na idadi ya vikundi vinavyohudumiwa inashuka bila mashine kuzimwa hata saa moja. Kwenye ripoti ya saa za mwali haionekani kabisa.

hazina_na_sayansi:

Nakubaliana nawe kuhusu wafanyakazi, na umesema jambo ambalo nililiruka. Kwenye ombi la bajeti kila kituo huonyeshwa kwa asilimia ya uendeshaji bora. Asilimia hiyo ikisomeka 90, watu husoma "saa 90 kati ya 100". Inaweza kuwa saa zote zipo ila vipuri havikununuliwa, na klaistroni (kifaa kinachoipa mashine nguvu ya mawimbi ya redio) iliyotakiwa kubadilishwa mwaka huu inaachwa ifie kazini mwaka ujao. Deni hilo hulipwa kwa mwali kukatika bila taarifa.

dawati_la_watumiaji:

Nyongeza ya karatasi, maana hapa ndipo zamu zilizokwishagawiwa zinapotea.

Kwa asiye raia wa Marekani, kibali cha kuingia eneo la maabara ni kitu tofauti na viza, na kinaweza kuchukua wiki kadhaa kutegemea uraia na kifaa unachokwenda kutumia. Anza angalau wiki sita kabla, viza anza mapema zaidi. Jina kwenye usajili liwe lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la tatu likikosekana upande mmoja maombi yanasimama. Hata atakayeunganishwa kwa mbali kuendesha kipimo kupitia kompyuta anahitaji usajili na idhini.

Fomu ya usalama ya jaribio inajazwa kwa kila safari, na inataja kila dutu kwa kiasi chake. "Udongo" hautoshi. Udongo kutoka nje ya Marekani unadhibitiwa na Wizara ya Kilimo, kwa sababu ya wadudu na vimelea, na mpokeaji lazima awe na kibali au sampuli ziwe zimetibiwa kwa njia inayokubalika. Ulizia hili kabla ya kufunga kifurushi, na uliza pia kama joto la kuua vimelea litabadilisha madini yako. nyutroni_polepole ameshakwambia goethiti inafanya nini.

Anayesafiri afanye mafunzo ya mtandaoni kabla ya kuondoka. Ukifika usiku wa kuamkia zamu yako bila mafunzo, kadi haifungui mlango, na saa zinaendelea kuhesabiwa.

sampuli_tano:

Hili la udongo hatukulijua kabisa. Swali dogo la mwisho: tukikosa nauli, kuna njia ya kutuma sampuli tu? Na mizani yetu inasoma miligramu moja, hizo miligramu 5.4 tutazipimaje?

bimulaini_usiku:

Njia ipo kwa baadhi ya bimulaini. Ya 11-BM kule APS, ya difraksheni ya unga, inajulikana kwa kupokea sampuli kwa posta zikiwa kwenye vijibomba vya plastiki ya Kapton. Kwa ufyonzaji inategemea bimulaini. Mwandikie mwanasayansi wake kabla ya tarehe ya mwisho, umtumie namba zako za asilimia na unene. Barua hiyo ni muhimu hata kama mtasafiri, kwa sababu yeye ndiye huulizwa kama jaribio linawezekana kwenye kifaa chake.

Miligramu 5.4 usizipime. Pima 54 za hematiti na 1,000 za boroni naitraidi, saga pamoja dakika 15 hadi 20, kila baada ya muda kwangua kuta za kinu urudishe katikati. Kisha chukua miligramu 105 za mchanganyiko kwa kila kidonge. Mizani ikikosea miligramu moja kwenye 54 umepotea asilimia 2 tu, na una vidonge kumi: viwili vya kwenda navyo, vingine vya kuvunjika mkifundishana kubana. Mchanganyiko ukionyesha michirizi myekundu, rudisha kwenye kinu.